Dawa Isipotee Njia Dirishani: Mwongozo Kamili wa Kuzuia Makosa kwa Mtoa Dawa wa Famasi, Zahanati na Duka la Dawa Muhimu

Kila mtoa dawa anazitaja zile haki tano bila kusita: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, muda sahihi. Kwenye vituo vingi zimebandikwa ukutani juu ya dirisha. Na bado, kutoka Dodoma mjini, Bahi, Kongwa hadi Manyoni, wasomaji wanaleta swali lile lile: tunazijua zote, kosa limepitaje?

Limepita kwa sababu bango haliuzuii mkono. Saa 5 asubuhi, foleni imefika nje, mtoto analia, simu inaita, mkono unaenda rafuni wenyewe na kuchukua kopo lililozoeleka. Kinachoweza kuuzuia ni kizuizi kilichowekwa njiani: kopo lisilokaa pale ulipolizoea, namba ambayo lazima uiandike, swali ambalo mgonjwa hawezi kulijibu kwa "ndiyo". Mwongozo huu ni wa kuweka vizuizi hivyo, hatua kwa hatua, kuanzia rafuni hadi nyumbani kwa mgonjwa.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

Usianze hatua ya kwanza kabla ya kuwa navyo. Vingi ni vya bei ndogo, na kimoja kikikosekana utajikuta unakisia.

- Mizani ya mtu mzima na ya mtoto, karibu na dirisha.
- Trei ya kuhesabia vidonge na kijiti bapa cha kusogezea. Viganja si trei.
- Vikapu vidogo au trei za plastiki, kila mgonjwa na chake.
- Bahasha za dawa zenye nafasi ya kutosha kuandika, na kalamu ya wino usiofutika kwa jasho.
- Mabomba ya kunyweshea ya mililita 5 na 10, yasiyo na sindano.
- Mashine ya hesabu. Ya kwenye simu inatosha, mradi simu iwe ya kazi.
- Mwongozo wa Taifa wa Matibabu na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, toleo la 2021 au jipya zaidi likiwepo. Uwe mezani, usifungiwe ofisini kwa mganga mfawidhi.
- Kipimajoto cha chumba, na kingine cha friji kama mnatunza dawa za baridi.
- Stika nyekundu kwa dawa za hatari.
- Daftari moja la kuandikia makosa na yaliyonusurika, yaani yaliyokamatwa kabla ya kumfikia mgonjwa.

## Hatua ya 1: Panga rafu ili mkono usidanganyike

Kupanga dawa kwa alfabeti kunapendeza macho, lakini ndiko kunakokalisha metformin jirani na metronidazole, carbamazepine jirani na carbimazole, amlodipine jirani na amitriptyline, hydralazine jirani na hydroxyzine. Jicho la mtu aliyechoka husoma herufi tatu za mwanzo na kumalizia lenyewe.

Panga kwa kazi ya dawa: za presha mahali pake, za kisukari mahali pake, za malaria, za maambukizi, za kifafa na afya ya akili. Kisha zitenganishe zile zinazofanana majina hata kama ziko kundi moja. Kwenye lebo ya rafu, andika kwa herufi kubwa sehemu inayotofautisha: metFORMIN, metroNIDAZOLE. Mwandishi wa cheti cha dawa hatabadilisha mwandiko wake, lakini wewe unaweza kubadilisha lebo yako.

Dawa moja yenye nguvu mbili ni dawa mbili. Amlodipine ya miligramu 5 na ya miligramu 10 zisikae boksi juu ya boksi.

Usimfundishe mtu kutambua dawa kwa rangi ya boksi au ya kidonge. Shehena ijayo inaweza kutoka kiwanda kingine, na boksi la bluu ulilolizoea kuwa la amoxicillin likawa la dawa nyingine. Vidonge vyeupe vya mviringo vimejaa kila kopo.

Dawa ambazo kosa moja tu linaweza kuua au kulemaza zipewe kabati lake na stika nyekundu: insulini, warfarin (ya kuzuia damu kuganda), digoxin, methotrexate, glibenclamide, phenobarbital, mofini ya maji, na kwa vituo vyenye wodi, potassium chloride ya sindano na magnesium sulfate. Glibenclamide nimeiweka humo makusudi. Wengi huiona ya kawaida kwa kuwa inatoka kila siku, ilhali mtu asiye na kisukari akipewa kwa kukosea, sukari inashuka na anaweza kupoteza fahamu kabla ya kufika nyumbani.

Halafu joto. Famasi ya bati isiyo na dari, Oktoba au Novemba mchana hapa Dodoma, ni jiko. Boksi likisema dawa itunzwe chini ya nyuzi joto 30, kipimajoto ndicho cha kukuambia kama unatii. Soma asubuhi na alasiri, andika. Insulini na oxytocin zinakaa kati ya nyuzi 2 na 8, katikati ya friji. Mlangoni hupata joto kila ukifungua, na zikigusa barafu zinaharibika. Dawa iliyopoteza nguvu ni kosa la dozi hata kama umehesabu vizuri, na mgonjwa hatakuambia, atasema tu "haijanisaidia".

Inayoisha muda mapema ikae mbele.

Utajua umefaulu pale mfanyakazi mgeni anapoambiwa alete carbimazole, akaileta bila mkono wake kupita karibu na carbamazepine.

## Hatua ya 2: Pokea mtu kwanza, cheti baadaye

Mgonjwa akiitwa kwa jina la kwanza, watainuka wawili. Usiulize "Wewe ndiye Mariamu?" Mgonjwa mwenye homa, mzee asiyesikia vizuri, mama mwenye haraka ya basi la Mpwapwa, wote watajibu ndiyo. Uliza "Jina lako kamili nani, mama?" kisha nyamaza akutajie mwenyewe. Majina matatu, umri, na mtaa au kijiji. Linganisha na cheti wakati anataja.

Kama mgonjwa hakuja, andika aliyetumwa ni nani kwake. Siku hizi anakuja kijana wa bodaboda na kipande cha karatasi, au picha ya cheti inatumwa kwa WhatsApp, imekatwa juu ambapo jina na tarehe vilikuwa. Picha isiyo na jina la mgonjwa, tarehe na jina la mwandikaji si cheti. Mpigie mgonjwa mwenyewe, sikiliza, kisha amua. Kumrudisha kijana wa boda mikono mitupu kunauma, lakini ni afadhali kuliko kupeleka dawa kwa mtu usiyemjua.

Weka kikapu cha mgonjwa mezani, cheti ndani yake. Kuanzia hapa mpaka mwisho, dawa ya mtu huyu haitoki kwenye kikapu chake. Sababu ni nyepesi: bahasha mbili zilizolala juu ya kaunta moja hubadilishana zenyewe bila mtu kuona.

## Hatua ya 3: Soma cheti chote kabla ya kugusa rafu

Msomaji wa haraka husoma mstari wa kwanza, anachukua dawa, anarudi kwenye wa pili. Kwa namna hiyo hawezi kuona kuwa dawa ya kwanza na ya tatu zote zina paracetamol. Soma mpaka sahihi ya mwandikaji, ukitazama mambo haya:

Nukta. ".5" hugeuka 5, na "1.0" hugeuka 10, nukta ikififia. Ukiandika wewe, andika 0.5 na andika 1.

Vifupisho. Herufi U ya uniti baada ya namba ya insulini husomeka kama sifuri: uniti 4 zikawa 40. Mikrogramu nayo hugeuka miligramu, na hiyo ni mara elfu. Andika neno zima.

Ugonjwa ulioandikwa. Je, dawa inaendana nao? Cheti kinasema amiba na wewe unasoma metformin, ambayo ni ya kisukari, rudia kusoma. Kinasema tezi la shingo na unasoma carbamazepine 5 mg, simama, kwa sababu kidonge cha carbamazepine cha kawaida ni 200 mg na ile 5 mg ni ya carbimazole. Nguvu ya dawa mara nyingi ndiyo inayolisema jina lililoandikwa vibaya. Dodoma ina Hospitali ya Mirembe ya magonjwa ya akili, kwa hiyo majina ya carbamazepine, chlorpromazine na amitriptyline si mageni madirishani kwetu. Usizitoe kwa kukisia.

Mara ngapi. Methotrexate ya ugonjwa wa viungo au ngozi humezwa siku moja tu kwa wiki. Ukiona imeandikwa kila siku, usiitoe mpaka umezungumza na daktari.

Pasiposomeka, piga simu kwa aliyeandika. Msomee ulichokiona, mwache akutajie jina herufi kwa herufi, na wewe umrudishie ulichoandika. Kisha andika pembeni ya cheti: umeongea na nani, saa ngapi. Kuna watoa dawa wanaoona aibu kumpigia daktari, na wapo madaktari wanaojibu kwa ukali. Piga hata hivyo. Kama unafanya kazi kwenye duka la dawa muhimu na dawa haimo kwenye orodha unayoruhusiwa, mwelekeze mgonjwa famasi iliyo karibu. Usitafute "inayofanana nayo".

## Hatua ya 4: Maswali manne yasiyorukwa

Uliza yote manne hata kwa jirani yako unayemjua.

1. Kuna dawa iliyowahi kukudhuru, ukatoka vipele, ukavimba au kushindwa kupumua?
2. Unatumia dawa gani nyingine sasa, za hospitali, za dukani na za kienyeji?
3. Una ugonjwa wowote wa muda mrefu: presha, kisukari, kifafa, figo, ini, pumu?
4. Kwa mwanamke wa umri wa kuzaa: una ujauzito, au unanyonyesha?

La kwanza ndilo linalojibiwa vibaya zaidi, kwa kuwa mgonjwa hutaja jina la kundi na wewe unatafuta jina la boksi. Mwenye aleji ya penisilini asipewe amoxicillin, wala ampicillin iliyochanganywa na cloxacillin. Mwenye aleji ya salfa anayekataa Septrin anaweza kupewa SP, dawa ya malaria, na mtu aliyesahau kuwa S ya mwanzo ni sulfadoxine, salfa ile ile.

La pili linafichua mrundikano. Mtu amemeza Panadol nyumbani tangu jana, kapewa diclofenac iliyochanganywa na paracetamol, na dirishani ananunua dawa ya mafua yenye paracetamol ndani. Soma viambato vya kila boksi kwa sauti, mgonjwa asikie.

Yapo mengine ya kuyashika. Rifampicin ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango. Metronidazole humwongezea damu kutoka mtu wa warfarin. Dawa za tumbo za kutuliza asidi huzuia ciprofloxacin isifyonzwe, na huibana dolutegravir ya VVU pia. Doxycycline haiendani na ujauzito, na vivyo hivyo captopril na enalapril.

Uliza la nne kwa sauti ya chini. Binti aliyesimama na baba yake mbele ya foleni hatasema ukweli kwa sauti kubwa, mvute pembeni.

## Hatua ya 5: Dozi ya mtoto, pima uzito na uandike hesabu

Hapa ndipo nitakaa zaidi, kwa sababu mtoto hana akiba. Kosa ambalo mtu mzima angelilala nalo, mtoto wa kilo 8 linamlaza wodini.

Usitoe dozi kwa umri kama mizani ipo. Watoto wawili wa miaka 3 wanaweza kupishana kilo kadhaa, na huku kwetu, mwaka ambao mvua imekatika mapema, wanapishana zaidi. Mvue viatu na koti, mpime, andika kilo juu ya cheti kwa namba kubwa. Kama mtoto hakuletwa, angalia kadi yake ya kliniki na tarehe ya mara ya mwisho kupimwa.

Kisha fanya hesabu kwa maandishi, kila mara, hata ile unayoijua. Mfano wa paracetamol: dozi ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Mtoto ana kilo 12.

- 12 × 10 = 120 mg, na 12 × 15 = 180 mg.
- Chupa inasema 120 mg katika ml 5.
- Kwa hiyo ml 5 hadi ml 7.5 kwa mara moja, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku.

Sasa badilisha chupa. Ipo paracetamol ya matone yenye 100 mg katika kila ml 1. Mama aliyezoea "kijiko kimoja" akimpa mtoto huyo ml 5 za matone, amempa 500 mg, zaidi ya miligramu 40 kwa kilo kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo hesabu isiyotaja nguvu ya chupa iliyo mkononi haijakamilika. Usiseme "mpe mililita tano" bila kuitazama chupa yenyewe.

Kwa dawa ya mseto ya malaria, ALu ya 20/120 mg (artemether 20 mg na lumefantrine 120 mg), inayomezwa mara 6 ndani ya siku 3, uzito unaamua idadi na idadi inakuwezesha kujikagua:

- Kilo 5 hadi chini ya 15: kidonge 1 kwa mara moja, jumla vidonge 6.
- Kilo 15 hadi chini ya 25: vidonge 2, jumla 12.
- Kilo 25 hadi chini ya 35: vidonge 3, jumla 18.
- Kilo 35 na zaidi: vidonge 4, jumla 24.

Mtoto wa kilo 14.5 na wa kilo 15.5 wanaonekana sawa mgongoni kwa mama, lakini pakiti zao ni tofauti. Mizani ndiyo mwamuzi.

Amoxicillin ya kuyeyuka ya 250 mg kwa nimonia ya mtoto wa kilo 12 ni vidonge 2 asubuhi na 2 jioni kwa siku 5. Jumla ni 20. Kabla ya kufunga bahasha, zidisha tena: mara moja, kwa mara za siku, kwa siku zote. Jumla isipolingana na iliyo kwenye trei, kosa liko mahali, litafute.

Tahadhari. Kijiko cha chai cha nyumbani si kipimo, vijiko havilingani. Toa bomba, chora mstari wa wino kwenye ml sahihi, vuta dawa mbele ya mzazi. Dawa ya unga ya kuchanganywa, ichanganye wewe dirishani: gonga chupa unga uachane, tia kiasi cha maji yaliyochemshwa yakapoa kabisa, tikisa, ongeza hadi alama, tikisa tena. Andika tarehe ya kuchanganya na siku ya kuimwaga kama kiwanda kilivyoelekeza. Mzazi akichanganya mwenyewe akapitiliza alama, mtoto atakunywa antibiotiki nyepesi kwa siku zote.

Utajua umefaulu pale mtu mwingine anapochukua cheti chako, akaona kilo, nguvu ya chupa, hesabu na jumla, akafika jibu lile lile bila kukuuliza.

## Hatua ya 6: Hesabu na fungasha

Soma jina mara tatu: unapolitoa kopo rafuni, unapomimina kwenye trei, unapolirudisha. Ni sekunde chache, na ile ya tatu ndiyo inayokamata makosa mengi maana tayari umetulia.

Kopo moja mezani kwa wakati mmoja. Vidonge vilivyobaki kwenye trei baada ya kuvuruga hesabu visirudishwe kwenye kopo kama hujui kwa uhakika vimetoka humo.

Ukikata pakiti ya vidonge, acha upande wenye jina na tarehe ya mwisho ubaki na kipande cha mwisho kutoka. Kipande cha fedha kisicho na jina, kilichobaki droo, kitupwe kwa utaratibu, hata kama kinauma mfukoni.

## Hatua ya 7: Andika bahasha ambayo itasomeka nyumbani

"1x3" ni lugha yetu sisi wa dirishani. Nyumbani husomwa kidonge kimoja kwa siku tatu, au vitatu kwa mkupuo. "Kutwa mara tatu" nayo ina walakini wake: wapo wanaomeza vyote vitatu kabla jua halijazama, kisha usiku mzima bila dawa.

Andika hivi:

*Jina la mgonjwa. Jina la dawa na nguvu yake. Inatibu nini. Kidonge 1 saa 12 asubuhi, kidonge 1 saa 8 mchana, kidonge 1 saa 4 usiku. Kwa siku 5. Tarehe ya leo. Namba ya simu ya famasi.*

Usiandike "8:00" peke yake. Mmoja ataisoma saa 2 asubuhi, mwingine saa 8 mchana. Taja saa ya Kiswahili na kipindi cha siku.

Kwa asiyesoma, chora: jua linalochomoza, jua la utosini, mwezi, na chini ya kila mchoro vidonge vya duara kwa idadi. Kwa methotrexate, andika jina la siku kwa herufi kubwa: JUMATATU TU.

Kwa ALu, andika saa halisi, maana dozi ya pili inakuja baada ya saa 8, si 12. Ya kwanza ikimezwa saa 4 asubuhi, ya pili ni saa 12 jioni leo leo; kesho na keshokutwa saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Ongeza: "Imezwe na chakula chenye mafuta." Uji wenye maziwa, au mlenda uliotiwa karanga, unatosha, na vyote vipo jikoni mwa Mgogo.

## Hatua ya 8: Macho ya pili

Mwenzako achukue kikapu na asome kutoka kwenye cheti kwenda kwenye dawa, bila wewe kumwambia umeweka nini. Ukimwambia "hii ni amlodipine", ataiona amlodipine. Dawa za stika nyekundu na dozi za watoto zisitoke bila macho haya, hata foleni ikifika barabarani siku ya mnada.

Ukiwa peke yako, kama ilivyo maduka mengi ya vijijini: weka kikapu chini, pokea cheti kinachofuata au andika leja, kisha rudi usome upya kama cheti cha mtu mwingine. Kazi ya kati huvunja ile picha iliyoganda kichwani.

Anayekagua asisemeshwe. Simu iwe kimya, salamu zisubiri. Waambieni wateja kwa upole; wakijua ni kwa ajili yao wanavumilia.

## Hatua ya 9: Kabidhi kwa mazungumzo

Mgonjwa ndiye kizuizi cha mwisho, na ndiye pekee anayejua alichoambiwa chumba cha daktari. Mpe nafasi ya kukukamata.

Anza: "Daktari amekuambia unaumwa nini?" Akisema presha na wewe umeshika dawa ya kifafa, umeokoka. Fungua bahasha, mwonyeshe kidonge: "Hiki unakifahamu? Ulikuwa unameza cha namna hii?" Mgonjwa wa siku zote akisema "cha kwangu si hiki," usimjibu kuwa kiwanda kimebadilika kabla hujarudi rafuni kuhakikisha. Mara nyingine kweli kiwanda kimebadilika. Mara nyingine si hivyo.

Kisha mwambie akuelezee yeye: "Ukifika nyumbani utampaje? Hebu nionyeshe kwa bomba." Usiulize "Umeelewa?" Jibu lake ni ndiyo siku zote, kwa heshima.

Wazee wengi wa vijiji vya Bahi na Chamwino wanafuata Kigogo vizuri kuliko Kiswahili cha kitabibu. Huko Kondoa ni Kirangi, upande wa Singida Kinyaturu. Kama huijui lugha, mwite anayeijua, ikiwezekana yule atakayekuwa nyumbani akimpa dawa. Bibi akiamkiwa "mbukwa" atakusikiliza tofauti.

Utajua umefaulu pale mgonjwa anapotaja mwenyewe dawa ni ya nini, kiasi gani, saa ngapi, hadi lini, na dalili gani ya kumrudisha haraka.

## Hatua ya 10: Kosa likipita, na lile lililonusurika

Ukigundua kosa baada ya mgonjwa kuondoka, mtafute kwanza. Maelezo kwa bosi yatafuata. Piga simu, tuma bodaboda, muulize mjumbe wa mtaa. Mwambie wazi: asimeze, au asiendelee kumeza. Kama amekwisha kumeza, asilazimishwe kutapika. Aende kituo cha afya na pakiti mkononi, na wewe mpigie mganga wa zamu umweleze ni dawa gani, nguvu gani, kiasi gani, saa ngapi. Aliyemeza glibenclamide kimakosa na bado yuko macho, apewe kitu cha sukari akiwa njiani.

Mweleze mgonjwa ukweli na umwombe radhi. Madhara yaliyompata yaripotiwe TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) kwa fomu ya njano ya madhara ya dawa, na kituo kifahamishwe siku hiyo hiyo.

Kisha lile daftari. Andika pia kosa ulilolikamata kabla halijatoka: dawa gani ilikusudiwa, ipi ilishikwa, ilikuwa saa ngapi, wangapi walikuwa zamu, nani alikamata na kwa hatua ipi. Jina la aliyekosea lisiandikwe. Likiandikwa mara moja, ukurasa wa pili utabaki mweupe mwaka mzima, na makosa yataendelea kimya kimya.

Ijumaa, kabla ya kufunga, lisomeni pamoja kwa dakika 15. Kosa likijirudia, msiishie kumwambia mtu "kuwa makini". Hamisheni kopo, badilisheni lebo, ongezeni mtu dirishani saa 4 hadi saa 7 kama ndipo yanapotokea, mwambieni daktari anayeandika "met" peke yake kwamba mmeshalikamata mara mbili. Andikeni mlichobadilisha na tarehe, ili Ijumaa ya mwezi ujao muone kama kosa hilo bado lipo.